Pilanesberg: Saa Nne Ndani ya Kibanda cha Mankwe

Nilizuru Hifadhi ya Taifa ya Pilanesberg, katika Jimbo la Kaskazini Magharibi nchini Afrika Kusini, mwezi wa Julai, wakati nyasi zimekauka, miti mingi imepukutisha majani na wanyama hawana budi kuyafuata maji. Kwa anayetaka kuwaona wanyama, majira hayo hayana mfano, ingawa baridi ya alfajiri hupenya hadi mifupani na koti zito ni la lazima. Wenye watoto wadogo watafurahi kujua kwamba eneo hili halina malaria.

Siku ya kwanza nililipia nafasi katika gari la wazi la kampuni moja ya utalii, na sikuridhika. Dereva alikimbilia kila taarifa iliyoingia kwenye redio yake, tukawa tunafika simba keshajitoma vichakani na magari yamesongamana, huku njiani tukiwapita pundamilia na kuro bila hata kupunguza mwendo. Siku ya pili niliingia na gari nililokodi, nikaendesha mwenyewe taratibu, na hapo ndipo nilipoiona Pilanesberg.

Barabara hushuka kutoka kwenye vilima vilivyojipanga duara, mabaki ya volkano iliyozimika zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita, hadi Bwawa la Mankwe. Ukingoni pana kibanda cha kutazamia wanyama, nami nilikaa humo saa nne. Furukombe alitua juu ya mti mkavu uliosimama majini. Karibu naye kiboko akaibuka na kobe watatu mgongoni, ambao hawakushtuka hata alipotikisa masikio. Kisha likaja kundi la tembo. Ndama mmoja, ambaye bado hajaumudu mkonga wake, aliuzungusha majini mara kadhaa, akakata tamaa, akapiga magoti na kunywa kwa mdomo.

Utulivu wa tembo wale una uzito kwa anayejua yaliyopita. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1979, wanyama kwa maelfu walihamishiwa hapa kutoka kwingineko, na miongoni mwa tembo walioletwa walikuwamo yatima kutoka Kruger, hifadhi nyingine ya taifa ya Afrika Kusini, ambao wakubwa wao walikuwa wameuawa ili kupunguza idadi. Vijana hao walikua bila dume mzee wa kuwatia adabu, na katika miaka ya 1990 wakaua faru weupe zaidi ya 40. Mwaka 1998 madume 6 waliokomaa waliletwa kutoka Kruger, na mauaji yakakoma. Nikiwa kibandani nilimwona dume mkubwa akija nyuma ya kundi, na vijana wawili wakampisha kwenye maji kabla hajawafikia.

Niliondoka kwa sababu tu malango hufungwa jioni; saa zake hubadilika kufuata majira, kwa hiyo ziulize unapoingia.