Hansard ya Bunge la Uingereza mtandaoni: daftari la kura za vita

Kwa kinyozi wangu hapa Leicester, Libya ikishatajwa, benchi la wanaosubiri zamu hugawanyika papo hapo. Mmoja husema ni chama cha Conservative kilichoivunja nchi ya watu, na mwingine humjibu kwamba mahasimu wao wa chama cha Labour ndio waliozoesha mchezo huo kule Iraq. Nilichoka kuwa hakimu asiye na faili, na kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa mtumiaji wa kudumu wa Hansard, kumbukumbu rasmi ya kila kinachosemwa na kupigiwa kura katika Bunge la Uingereza.

Huduma yenyewe ni ya bure, haidai kujisajili, na mijadala yake inarudi nyuma hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Unaweza kutafuta kwa tarehe, kwa neno au kwa jina la mbunge. Waandishi wake huondoa marudio na kusahihisha makosa ya wazi ya ulimi, lakini hoja ya msemaji hawaigusi. Wasomaji wa Tanzania na Kenya hawatahitaji maelezo marefu, kwa kuwa mabunge yetu yalirithi utaratibu huo pamoja na jina lake.

Anza na Libya, yaani mjadala wa tarehe 21 Machi 2011, uliofanyika ndege zikiwa zimekwisha kuanza kushambulia siku mbili kabla. Hoja ya serikali ya kuunga mkono mashambulizi hayo ilipita kwa kura 557 dhidi ya 13. Majina yamepangwa kwa alfabeti, si kwa chama, hivyo mahasimu wamebanana humo kama abiria wa daladala: Waziri Mkuu David Cameron yumo upande wa ndiyo, na kiongozi wa upinzani Ed Miliband yumo naye. Katika wale 13 utamkuta Jeremy Corbyn wa Labour, na John Baron, mbunge pekee wa Conservative aliyekataa.

Sasa ruka hadi Aprili 2015, uchaguzi mkuu ukiwa umebakiza majuma mawili. Miliband alimlaumu Cameron kwa kutojiandaa kwa yale yatakayofuata baada ya Gaddafi kuanguka, na Conservative wakaja juu wakidai kwamba anageuza vifo vya wahamiaji wa Bahari ya Mediterania kuwa mtaji wa kura. Mwenye orodha ya 2011 mkononi atashawishika kumwita Miliband mnafiki. Mimi nilishawishika, kisha nikajirudi, kwa sababu kukubali mashambulizi na kushindwa kupanga kinachofuata ni mashtaka mawili tofauti, na orodha ya kura inajibu moja tu. Tena hotuba hiyo ya Miliband hutaiona katika Hansard, kwani aliitolea nje ya Bunge. Hata ripoti ya Septemba 2016 ya Kamati ya Mambo ya Nje, iliyosema kwamba dhamana ya mwisho ya kukosekana kwa mkakati kuhusu Libya ilikuwa ya Cameron, inabidi uitafute penginepo katika tovuti ya Bunge. Inafaa kuitafuta, maana mwenyekiti wa kamati hiyo, Crispin Blunt, alikuwa wa chama cha Cameron mwenyewe.

Kuhusu Iraq, fungua tarehe 18 Machi 2003. Marekebisho yaliyosema kwamba hoja ya vita ilikuwa haijathibitishwa yalishindwa kwa kura 217 dhidi ya 396, ingawa wabunge 139 wa Labour waliyaunga mkono wakimpinga Waziri Mkuu wao, Tony Blair, huku uongozi wa Conservative chini ya Iain Duncan Smith ukisimama na Blair. Anayeviita vita vya Labour hajakosea kuhusu aliyepeleka hoja bungeni. Ila na ahesabu waliomsaidia kuibeba. Usiache kusoma pia jioni iliyotangulia, Robin Cook, waziri wa Blair, alipojiuzulu serikalini kwa kupinga vita hivyo. Mwisho wa hotuba yake mwandishi ameweka neno moja katika mabano kueleza kwamba watu walipiga makofi, jambo ambalo desturi ya ukumbi ule hairuhusu.

Nimeipa huduma hii nyota nne. Ya tano imezuiwa na tarehe 29 Agosti 2013, usiku ambao serikali ilishindwa kwa kura 272 dhidi ya 285 ilipoomba ridhaa ya kimsingi ya kuishambulia Syria. Lawama za Conservative zilimwangukia Miliband, ilhali wabunge 30 wa Conservative wenyewe walipiga kura ya hapana, na orodha inawataja mmoja mmoja. Isichokitaja ni kwamba mawaziri wawili, Justine Greening na Mark Simmonds, walikuwa katika chumba cha jirani wakizungumza na hawakuisikia kengele ya kura. Kura zao mbili zisingeiokoa serikali, lakini mtu anayepima nani alaumiwe angependa kujua. Asiyepiga kura hana safu katika orodha hiyo. Inabidi kwanza umshuku, kisha ulitafute jina lake pande zote mbili, na ulikose.