Kifaa cha USB cha kuandikia chip za magari ya zamani: uzoefu wangu, Lubumbashi

Nina BMW 325i ya mwaka 1989. Kompyuta ya injini yake, Motronic 1.3, imejificha juu ya droo ya dashibodi. Ukiifungua unakuta chip ya miguu 28, aina ya 27C256, yenye baiti 32,768 tu. Humo ndimo inamokaa ramani ya cheche (jedwali la lini plagi iwashe), ya petroli, na kikomo cha mizunguko ya injini. Picha moja ya WhatsApp ina uzito kuliko akili yote ya gari hili.

Kifaa nilikipata kwa dola 60, pamoja na kisanduku cha taa ya urujuanimno cha kufutia. Kwenye kusoma sina ugomvi nacho. Nilisoma chip ya asili mara tatu, ya tatu ikatofautiana na mbili za kwanza: miguu ilikuwa na kutu. Nikaisugua kwa kifutio cha penseli, zote zikalingana. Nakala nimeziweka kwenye flashi mbili.

Kufuta ndiko kulikonichosha. Niliiweka chip ya mtumba chini ya taa dakika 20; kifaa kikasema bado si tupu. Nikarudia, bado. Kumbe gundi ya stika ya zamani ilikuwa imeziba kidirisha chake, mwanga hauingii. Pamba na spiriti, dakika 15 nyingine, kila baiti ikasoma FF, yaani tupu. Ukimaliza kuandika bandika stika nyeusi: wiki moja ya jua kali inatosha kuifuta chip hiyo.

Faili la kuandika nililipata mtandaoni, la petroli ya oktani 98, ile isiyojilipukia mapema; yangu haifiki hapo. Hapo nilijidanganya mwenyewe. Mjini gari lilikuwa tamu. Kwenye mlima wa njia ya Likasi, gia ya nne, sauti kama ya kokoto ndani ya kopo. Mdogo wangu akanishika mkono: "Yaya, simamisha!" Injini hii haina sensa ya kusikia kugonga huko, kwa hiyo kompyuta ingeendelea kuwahisha cheche mpaka pistoni itoboke. Bahati nilikuwa nimechomelea soketi, chip ya asili ikarudi palepale barabarani.

Siku hizi nagusa faili la asili lenyewe, kidogo kidogo, na cheche naichelewesha injini inapobeba mzigo.

Nyota nne. Ya tano imekwenda na waya wake wa USB, uliokatiza uandishi mara mbili. Natumia wa printa.