Uzoefu wangu na Equilab: kuchambua mkono wa poka hadi mchanganyiko wa mwisho

Equilab ni programu ya bure kutoka PokerStrategy.com, ya kompyuta zenye Windows, na kazi yake kuu ni moja. Unaiambia karata ulizoshika, karata zilizo mezani na karata ambazo mpinzani anaweza kuwa nazo, nayo inakupa asilimia yako ya kushinda. Kwa kuchambua mikono ya Texas Hold'em (poka ambayo kila mchezaji ana karata mbili zake na karata tano za pamoja hufunguliwa mezani) baada ya mchezo naipa alama za juu. Anayetarajia imwambie "lipa" (fikia dau la mpinzani) au "kunja" (jitoe) hatalipata hilo. Inahesabu kile tu ulichoiingizia, na wengi wanaingiza vibaya.

Karata za mpinzani unaziingiza kama renji, yaani kundi lote la mikono anayoweza kuwa nayo. Dirisha la renji lina miraba 13 kwa 13, jumla 169. Jozi ziko kwenye mshazari, mikono ya alama moja (karata zote mbili kopa, kwa mfano) iko juu kulia, ya alama tofauti chini kushoto. Miraba hiyo inaonekana sawa lakini haina uzito sawa: kabla ya karata yoyote kujulikana, jozi ina michanganyiko 6 (njia za kuipata kwa alama mbalimbali), mkono wa alama moja 4, wa alama tofauti 12. Jumla ni 1,326. Asiyeshika namba hizi tatu ataona mraba wa AK ya alama moja na ule wa alama tofauti kama ndugu mapacha, kumbe mmoja ni mara tatu ya mwenzake.

Nieleze kwa mkono mmoja mzima, kwa sababu hapo ndipo programu inaonyesha thamani yake. Blaindi (madau ya lazima ya wachezaji wawili kabla ya karata kugawiwa) ni 1 na 2, kila mmoja ana 200. Uko nafasi ya mgawaji na A na Q za shupaza. Unapandisha hadi 5, blaindi ndogo anakunja, blaindi kubwa analipa. Chungu, yaani jumla ya yote yaliyowekwa, kina 11. Flopu (karata tatu za kwanza mezani): Q ya kopa, 9 ya kopa, 4 ya pau. Anapasi (haweki dau), unaweka 6, analipa, chungu 23. Karata ya nne ni 2 ya uru. Anapasi, unaweka 15, analipa, chungu 53. Karata ya tano ni 7 ya kopa, na safari hii hapasi: anaweka 40.

Anza na bei kabla ya kufungua programu. Unalipa 40 ili kugombea chungu kitakachofika 133, kwa hiyo unahitaji kushinda asilimia 30.1. (Dau la nusu chungu linadai asilimia 25, la chungu kizima asilimia 33.3. Zikae kichwani.)

Halafu jenga renji kwa kupunguza, kuanzia kabla ya flopu na kushuka. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni mtu kurukia karata ya tano na kuandika "ana flashi (karata tano za alama moja) au ana blafu (dau la mkono dhaifu)". AK ya kopa, kwa mfano, wengi wangeipandisha tena kabla ya flopu, basi haimo. Kwa mpinzani wa kawaida mimi nabakiza flashi 19: A ya kopa pamoja na J, T (kumi), 8, 6, 5, 4, 3 au 2, ambazo ni 8, K pamoja na J, T, 8, 6 au 5, ambazo ni 5, kisha JT, J8, T8, 86, 65 na 54, ambazo ni 6. Naongeza 99, ambayo imebaki na michanganyiko 3 kwa sababu 9 moja iko mezani, 44 vilevile 3, na Q9 ya alama moja 2 tu, kwani Q ya shupaza unayo wewe na ya kopa iko mezani. Mikono inayokushinda ni 27.

Unayoishinda ni hasa JT iliyokosa mfuatano wake (karata tano zinazofuatana): michanganyiko 15, ukiondoa ile ya kopa ambayo tayari ni flashi. Ingiza yote, na programu itatoa asilimia 35.7. Lipa. Sasa futa JT hadi zibaki 8, kwa kuziandika moja moja, na utapata asilimia 22.9. Kunja. Mpaka kati ya kulipa na kukunja uko kwenye michanganyiko 12 ya blafu.

Hilo ndilo linalofanya mjadala wa mkono uwe na maana. Watu wanne wanaweza kubishana saa nzima kama AQ "ni nzuri", huku swali halisi likiwa moja: mtu huyu hugeuza JT ngapi kuwa blafu flashi inapoingia? Mnaweza kulijibu kwa ushahidi wa mikono yake mingine. Badilisha karata moja na muone tena: ukishika A ya kopa badala ya A ya shupaza, flashi 8 zinafutika kwenye renji yake, mikono inayokushinda inabaki 19, na blafu zinazohitajika zinashuka kutoka 12 hadi 9. Bei ni ileile, mezani ni vilevile, lakini uamuzi umesogea kwa sababu ya karata moja uliyoshika.

Unapowapelekea wenzako mkono, andika nafasi ya kila mmoja, kiasi cha kila mmoja, kila dau, na chungu kwa kila hatua. Simama pale penye uamuzi. Matokeo usiyataje mpaka wote wamejibu na kuandika renji zao, maana wakishajua kwamba mpinzani alikuwa na flashi, kila mtu atajenga renji iliyojaa flashi, na hakuna atakayejifunza kitu.

Kasoro zipo. Kitelezi cha asilimia ni mtego. Unakivuta hadi 25 na programu inachagua mikono kwa mpangilio wa nguvu, ilhali watu hawachezi kwa mpangilio huo. Wengi watalipa na 65 ya alama moja huku wakikunja K8 ya alama tofauti. Bofya miraba mwenyewe, au andika kwa maandishi kama "99+, AJs+" (jozi za 9 na kuendelea, A na J za alama moja na kuendelea). Inachukua dakika mbili zaidi, na ndizo dakika zenye faida.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kwenye flopu, asilimia inayotolewa inachukulia kwamba karata zote mbili zilizobaki zitafunguliwa bila dau jingine. Mwenye karata tisa za kukamilisha flashi anaonyeshwa takriban asilimia 35, lakini kwa karata moja inayofuata ana 19 tu, na karata ya nne ikija bila msaada ataombwa kulipa tena. Wengi hulinganisha ile 35 na bei ya dau la flopu na kudhani hesabu imekwisha. Programu haikukosea. Imejibu swali ambalo mchezo haukuuliza.

Kwa sababu hiyo naitumia zaidi kwa maamuzi ya karata ya tano, na kwa yale ya kuweka chipu zote kabla ya flopu, ambako hakuna dau jingine linalosubiri. Hapo namba yake naiamini kabisa. AA dhidi ya KK ni karibu 82 kwa 18, na QQ dhidi ya AK ya alama tofauti ni karibu 57 kwa 43. Mikono ya kabla ya flopu ihesabu kwa Monte Carlo (makadirio ya kucheza mikono mingi ya bahati nasibu), inatosha. Karata tano zikiwa zote mezani, chagua kuhesabu michanganyiko yote. Ni ya papo hapo na haina makadirio.