Distress Thermometer: karatasi moja, swali zito

Kifaa hiki cha NCCN, muungano wa vituo vya saratani vya Marekani, ni mchoro wa kipimajoto chenye namba 0 hadi 10. Mgonjwa wa saratani anazungushia namba inayolingana na dhiki yake ya wiki iliyopita, leo ikiwemo, kisha anatia alama kwenye orodha ya matatizo: usingizi, hofu, watoto, usafiri, imani. Dakika chache tu. Akifika 4 au zaidi, aulizwe kwa kina. Hapo ndipo mambo huharibika: karatasi inaingia kwenye faili bila kusomwa. Tena akijaza mbele ya ndugu zake, huenda akazungushia 2 ili asiwatie wasiwasi. Mpeni faragha, na mumpime tena kila matibabu yanapobadilika. Hakithibitishi sonona, kinaonyesha nani wa kuketi naye leo.