Mkeka wa mazoezi ya gofu kwa kijana anayesubiri mchujo wa timu ya shule

Binti yangu anajiandaa kwa mchujo wa timu ya gofu ya shule yake ya sekondari, ambako wachezaji huteuliwa kwa kuhesabu mapigo yao katika mashimo 18, na ndiyo maana nilimnunulia mkeka wa kufanyia mazoezi ya kusukumia mpira shimoni akiwa nyumbani. Pigo la kusukuma mpira sentimita chache huhesabiwa sawa na pigo refu la kwanza, ambalo vijana wengi hupenda zaidi kulionyesha mbele ya kocha. Shimo la mkeka huu lina kipenyo cha milimita 108 kama lile la uwanjani, nayo mistari iliyochorwa humwonyesha papo hapo iwapo uso wa fimbo umepinda wakati wa kugusa mpira. Kasoro yake ni mwinuko ulio karibu na shimo, unaomzoesha mchezaji kupiga kwa nguvu kupita kiasi. Isitoshe, mkeka ulio bapa haumfundishi kusoma mteremko wa nyasi. Ningeununua tena, ila ningechagua toleo lisilo na mwinuko.