Kifyatulio na Kitako cha Raifo ya Zamani: Nini Kinunuliwe Kwanza

Mwindaji wa Tabora mwenye raifo ya zamani, iwe ya mfumo wa Mauser 98 wa Ujerumani, BRNO ya Chekoslovakia au Parker-Hale ya Uingereza, mara nyingi hutafuta kifyatulio kipya kabla hajakikagua kitako, yaani mbao yote iliyoshika chuma. Kwa maoni yangu utaratibu huo ugeuzwe, kwa sababu kiangazi chetu kirefu hukausha mti hadi ukasinyaa, kisha mvua zinazoanza Novemba huuvimbisha, na kitako kinachocheza huharibu shabaha hata kama kifyatulio ni cha thamani kubwa.

Nafasi ya kwanza naipa kazi ya kukikalisha upya kitako cha asili kwa gundi ya epoksi, pamoja na kukifunga mpira wa kupunguza kishindo begani. Fundi huchimba kidogo sehemu ya mbao inayopokea jino la chini ya chemba (chumba cha risasi), ambalo ndilo hubeba msukumo wa kila risasi, akaijaza epoksi na kukilaza chuma humo, baada ya kukipaka nta ili kisigandane na gundi. Kabla ya kumlipa, fungueni kitako pamoja mtazame nyuma ya jino hilo na kwenye shingo ya kitako. Ufa mwembamba kama unywele ni jambo la kawaida kwa raifo zenye kishindo kikubwa, kama zile za .375 H&H, risasi iliyotoka mwaka 1912. Jaribu pia kupitisha karatasi kati ya mtutu na mbao ya mbele. Ikikwama upande mmoja tu, mbao imepinda na inausukuma mtutu. Urefu wa kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako uwe takriban sentimita 34 kwa mtu wa kimo cha wastani, kwa hiyo unene wa mpira ukatwe kwanza kwenye mbao.

Nafasi ya pili ni kifyatulio kamili kilichotengenezwa kiwandani. Kile cha kijeshi cha Mauser huvutwa kwa hatua mbili, na uzito wa kukivuta ni mkubwa kuliko unaohitajika porini, ilhali cha kuwindia kinatosha kikivutwa kwa uzito wa kilo moja na nusu hivi. Kilicho chepesi zaidi ya hapo kiachiwe wapiga shabaha wa mashindano. Kampuni ya Timney ya Marekani hutengeneza vya Mauser 98, vyenye sefti (kizuizi cha usalama) ya pembeni na visivyo nayo. Ukifunga darubini chagua chenye sefti, kwa kuwa bawa la sefti la asili huinuka na kugonga darubini, lakini ujue kuwa mbao italazimika kuchongwa kidogo. Wenye Remington 700 za miaka ya karibuni wahakiki namba zao kwanza: mwaka 2014 kampuni hiyo iliziita kiwandani raifo zilizotengenezwa kuanzia 2006 kwa sababu kifyatulio chake kingeweza kuachia risasi bila kuguswa.

Ya tatu ni kitako kipya cha mbao za tabaka zilizogandishwa pamoja. Ni kizito, lakini hakipindi kirahisi.

Ya nne itawaudhi majirani zangu, maana tunakaa katikati ya miombo yenye mninga, mti unaosifika kwa kusinyaa kidogo sana unapokauka. Kitako cha mninga ni kizuri mno, na ningekipandisha nafasi mbili iwapo mbao imekauka vya kutosha, nyuzi zake zinapita moja kwa moja kwenye shingo, ina alama ya Wakala wa Huduma za Misitu, na anayechonga ameshawahi kuchonga kitako. Seremala wa makabati, hata awe hodari namna gani, hajui jino la chuma linataka nini. Plastiki laini ya bei nafuu naiweka ya tano: hainyonyi maji, lakini sehemu yake ya mbele hujikunja ukiiegemeza kwenye gogo.

Kukwangua kifyatulio cha zamani kwa tupa hakuna nafasi kabisa. Sehemu hizo zimekomazwa juujuu tu. Ngozi ngumu ikiondoka, chuma laini huliwa haraka na bunduki hujifyatua yenyewe.

Kazi yote ifanywe na fundi mwenye leseni, na kwa kuwa silaha ipo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, zungumza na polisi waliokupa kibali kabla ya kuagiza kipuri kutoka nje. Siku ya kuichukua, hakikisha chemba ni tupu, ikoki, sukuma bolti kwa nguvu mara kadhaa, gonga kitako kwa nyundo ya mpira, kisha weka sefti, vuta kifyatulio, kiachie, na utoe sefti. Pini inayogonga risasi ikianguka katika hatua yoyote kati ya hizo, mrejeshee fundi papo hapo.