Laptopu ya kuandikia programu kwa zana huria: ipi uanze nayo, ipi uiache

Zana za mwandishi wa programu siku hizi hazinunuliwi. Git, Python, PostgreSQL, Neovim, hata mfumo endeshi wa Linux wenyewe, zote ni programu huria na unazipakua bure. Kinachobaki kununuliwa ni mashine ya kuziendeshea, na hapo ndipo wengi hupoteza fedha, maana wauzaji husifu wembamba na prosesa ya mwaka huu huku wakinyamazia RAM, yaani kumbukumbu ambamo programu zinazoendeshwa hukaa.

Laptopu yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa mpya, nyepesi, ya kupendeza, na RAM yake ilikuwa GB 4 zilizochomelewa kwenye ubao. Nikiwasha hifadhidata, kivinjari na kontena mbili (vifurushi vya programu vinavyoendeshwa kila kimoja kivyake), iliganda hadi mshale wa kipanya hausogei. Nafasi ya kuongeza RAM haikuwepo. Tangu hapo, swali langu la kwanza kwa muuzaji yeyote ni hili: RAM yake inaongezeka? Kwa kazi ya kila siku ninashikilia GB 16. GB 8 zinatosha kujifunzia, mradi kuna nafasi ya kuongeza baadaye. SSD, yaani diski ya kuhifadhia, iwe ya GB 256 kwenda juu, kwa sababu Docker, zana ya kuendesha kontena, peke yake hula makumi ya GB kabla hujagutuka.

Ninayoiweka ya kwanza, bila kusita, ni laptopu ya kiofisi iliyotumika: ThinkPad za mfululizo wa T, Dell Latitude, HP EliteBook. Makampuni huzinunua kwa wingi, huzitumia miaka michache, kisha huziachia zikiwa bado na nguvu. Zimeundwa ili fundi azifungue kwa bisibisi, abadilishe betri, SSD, hata kibodi. Na kwa kawaida draiva zake, yaani programu za kuendesha vifaa vyake, zimo tayari ndani ya Linux, kwa hiyo unasakinisha na kuanza kazi siku hiyo hiyo.

Unapochagua kati ya hizo, angalia kizazi cha prosesa. Kizazi cha 8 cha Intel kilitoka 2017, na ndicho kilicholeta mabadiliko makubwa: kabla yake, i5 na i7 za laptopu nyembamba zilikuwa na kore (vitengo vya kuchakata) 2 tu, na kuanzia i5-8250U zikawa 4. Ukikompaili mradi mkubwa, yaani ukiugeuza msimbo kuwa programu inayoendeka, tofauti unaiona waziwazi. Ndiyo maana ThinkPad T480 ya 2018 inatafutwa mpaka leo. Ina nafasi mbili za RAM, na ukiipata yenye betri mbili, ile ya nje unaichomoa na kupachika nyingine bila kuzima mashine. Ukiinunua, sasisha kwanza programu dhibiti ya Thunderbolt (teknolojia ya kuunganisha vifaa kupitia USB-C), kwani toleo la awali lina kasoro inayoweza kuharibu mlango wa USB-C. Kwenye T490 iliyoifuata, sehemu ya RAM imechomelewa. X1 Carbon ni tamu kuibeba, ila RAM yake haiongezwi kabisa, basi ichukue tu kama tayari ina GB 16.

Utakutana pia na mashine nyingi za kizazi cha 7 kurudi nyuma. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na karibu zote hizo hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, hivyo wenyewe wanaziuza. Linux inaziendesha vizuri. Kwa anayeanza, sioni ubaya.

Ya pili ni Framework, kwa mwenye uwezo wa kutoa fedha nyingi kwa mpigo mmoja. Kampuni hiyo ilianza kuuza laptopu 2021, na kwenye ile ya inchi 13 unaweza kung'oa ubao mkuu wote na kuweka mpya huku skrini na kibodi vikibaki. Haiuzwi kila nchi.

MacBook Air yenye chipu za M za Apple ni ya tatu kwangu, ingawa kwa anayetengeneza programu za iPhone ni ya kwanza, kwa kuwa Xcode, zana ya kuziundia, haiendi kokote nje ya macOS. Haina feni, haipigi kelele, na betri inadumu kuliko karibu zote nilizozitaja. Zana huria utazipata kwa Homebrew, programu ya kusakinishia zana. Shida ni kwamba RAM ni ile uliyonunua nayo, na Docker humo huendesha Linux ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta) inayokula sehemu ya RAM hiyo. Mradi wa Asahi Linux, unaoleta Linux kwenye Mac hizo, umefika mbali kwenye M1 na M2. Kwa chipu za baadaye, usinunue ukiutegemea.

Laptopu za michezo zinamfaa anayehitaji CUDA, yaani kufanya mahesabu kwa kadi ya michoro ya NVIDIA, basi. Ni nzito na betri huisha upesi. Chromebook inakupa Debian ndani ya kontena, nayo inatosha kujifunzia, ila tazama kwanza tarehe ya mwisho ya masasisho yake. Zile mpya za bei ya chini zenye GB 4 na hifadhi ya eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko SSD, ziache dukani.

Kabla ya kulipa, nenda na flashi yenye Ubuntu au Fedora, ambazo ni matoleo ya Linux, uwashe mashine kutoka humo. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, kisha ifunge ilale na uifungue uone kama inaamka. Andika lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani, kwenye terminali: kadi ya Wi-Fi ikiwa ya Intel, tulia, ikiwa ya Broadcom, jiandae kuhangaika na draiva. Andika upower -d ulinganishe ujazo wa sasa wa betri na ule wa kiwandani. Ujazo wa sasa ukiwa chini ya asilimia 70 ya ule wa kiwandani, omba upunguziwe kiasi cha bei ya betri mpya. Mwisho ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya mfumo endeshi. Ikikudai nywila ambayo muuzaji haijui, irudishe mezani, hata kama bei inavutia namna gani.